Pikapu kuukuu inavyokula faida ya mchuuzi wa Kibiti, na jinsi ya kuibana

MAJI yakijaa katika delta ya Rufiji, boti zenye kamba, kaa na samaki hutoka kwenye mikondo ya mikoko na kuelekea Nyamisati. Nchi kavu, magari ya mizigo huwa yanasubiri. Miongoni mwake zimo pikapu za zamani, Toyota Hilux, Datsun na Peugeot 504, zenye injini za petroli zinazotumia kabureta. Zimepita mikononi mwa wamiliki wengi, rangi zimechujuka, lakini bado zinabeba tenga la samaki, gunia la mpunga na nazi za Mbwera hadi Bungu, Kibiti na Dar es Salaam.

Mwenye pikapu ya namna hii huisifu kwa mambo mawili: haina madeni, na fundi yeyote anaweza kuitengeneza. Analolalamikia ni moja tu, kwamba inakula mafuta. Wengi hulichukulia tatizo hilo kama uzee, jambo lisilo na dawa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta yanayopotea katika gari la aina hii haitokani na umri. Hutokana na hitilafu ndogondogo zilizorundikana kwa miaka, na nyingi zinarekebishika kwa fedha isiyofika nauli ya mzigo wa safari chache.

Jambo hili si la fundi peke yake. Samaki akifika Feri, bei yake huamuliwa na mnada. Mnunuzi hamuulizi mchuuzi ametumia lita ngapi. Hivyo gharama ya petroli ikipanda, mchuuzi ana njia mbili tu: apunguze faida yake, au apunguze bei anayomlipa mvuvi na mkulima kule delta. Mara nyingi hufanya yote mawili. Kabureta inayovuja Kibiti, kwa hiyo, humgusa hata mama anayelima mpunga kisiwani ambaye hajawahi kupanda pikapu hiyo.

Hesabu kwanza, bisibisi baadaye

Kosa la kwanza ni kutengeneza gari bila kujua linatumia kiasi gani. Dereva akiulizwa, hujibu kwa fedha: "Naweka ya elfu hamsini, nafika." Jibu hilo halisaidii, kwa sababu bei ya lita hubadilika. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kila mwezi, na bei ya Kibiti si ile ya Dar es Salaam. Fedha ileile mwezi huu inaweza kununua lita pungufu ya mwezi uliopita.

Njia sahihi ni rahisi. Jaza tenki hadi pampu ya sheli ikate, andika namba ya kilomita. Fanya safari za kawaida. Rudi kwenye sheli ileile, pampu ileile, jaza tena hadi ikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Kama kipima kilomita kimekufa, tumia umbali unaojulikana: Kibiti hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 140, na Bungu hadi Nyamisati ni takriban kilomita 40. Rudia mara tatu, andika kwenye daftari pamoja na uzito wa mzigo.

Chukua mfano wa pikapu inayokwenda Kibiti–Dar es Salaam na kurudi, kilomita 280. Ikitembea kilomita 7 kwa lita, itatumia lita 40. Ikirekebishwa ikafika kilomita 9 kwa lita, itatumia lita 31 na ushee. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, tofauti ni karibu shilingi 26,700 kwa safari. Kwa safari 100 kwa mwaka, ambazo ni kama mbili kwa wiki, ni zaidi ya shilingi milioni 2.6. Kama marekebisho yote yatagharimu shilingi 150,000, fedha hiyo inarudi kabla safari ya sita haijaisha. Kila mmoja aweke namba zake, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Kabureta inavyokunywa

Ili petroli iungue vizuri, kila kilo moja inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Kwa vipimo vya lita, lita moja ya petroli huhitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa. Kazi ya kabureta ni kupima mchanganyiko huo bila kompyuta yoyote. Hewa inayovutwa na injini hupita kwenye koo jembamba, mwendo wake huongezeka, shinikizo hushuka, na petroli hunyonywa kupitia vitundu vidogo vinavyoitwa jeti. Floti, mfano wa boya, hulinda kina cha mafuta ndani ya bakuli lake.

Mafuta yakizidi, yanayosalia bila kuungua hutoka kwa ekzosi kama moshi mweusi, na mengine hushuka kuta za silinda na kuharibu oili. Hewa ikizidi, injini hupata joto kali, hukosa nguvu, na dereva hukanyaga zaidi. Hali zote mbili hula mafuta.

Plagi ndiyo shahidi wa kwanza. Ikifunguliwa baada ya safari ndefu, iliyo na rangi ya kahawia hafifu inaonyesha mchanganyiko mzuri. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi. Nyeupe kama chaki, hewa imezidi au plagi si ya aina yake. Ikiwa imelowa oili, tatizo liko kwenye ringi au valvu, na kurekebisha kabureta hakutasaidia.

Anza na vya bei rahisi

Filta ya hewa ndiyo ya kwanza. Barabara ya vumbi ya kwenda Nyamisati huiziba haraka kuliko ratiba ya kitabu. Katika magari ya kisasa kompyuta hupunguza petroli hewa ikipungua, lakini kabureta haina uwezo huo. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kuwa kubadili filta iliyoziba katika gari la zamani la kabureta kunaweza kuboresha matumizi ya mafuta kwa asilimia 2 hadi 6, na zaidi ikiwa imeziba kiasi cha kulifanya gari lishindwe kuvuta. Ikipulizwa, upepo utoke ndani kwenda nje, na ikichanika itupwe. Kuendesha bila filta ni kuingiza mchanga ndani ya silinda.

Pili ni matairi. Madereva wanaoingia kwenye mchanga hupunguza upepo ili wasizame, jambo ambalo ni sahihi. Tatizo ni kwamba wakitoka lami huendelea hivyohivyo hadi Mbagala. Kila paundi moja ya upepo inayopungua kwenye matairi yote huongeza matumizi kwa kiasi cha asilimia 0.2. Paundi 15 ni asilimia 3, ukiacha tairi kupata joto na kupasuka. Pampu ya mguu na geji viwe sehemu ya vifaa vya gari.

Tatu ni breki zinazoshika. Hili ni tatizo la pwani hasa. Maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye matenga ya samaki, pamoja na unyevu wa bandarini, hula waya za breki ya mkono na silinda za magurudumu. Breki hukamata kidogo na kuachia nusu. Kipimo chake hakihitaji mtambo: inua gurudumu moja moja kwa jeki, tairi nyingine zikiwa zimewekewa vizuizi, gia ikiwa huru na breki ya mkono imeachiwa, kisha lizungushe kwa mkono. Gurudumu lililo zito, au ringi inayochoma kuliko nyingine baada ya safari, linasukumwa kwa petroli yako. Kuosha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kila safari ya samaki ni tiba ya bei ndogo.

Nne ni thamostati. Katika joto la pwani imezoeleka kwa fundi kuing'oa ili injini "ipoe". Injini isiyo na thamostati huchelewa kufikia joto la kazi, petroli hushindwa kugeuka mvuke vizuri, na choki hubaki ikitumika muda mrefu. Kama injini inachemka, sababu ni radieta, feni au gasketi. Dawa ni kurekebisha hiyo sababu na kurudisha thamostati nzima.

Moto na wakati wake

Mafundi wazoefu husema magonjwa mengi ya kabureta yanatibiwa kwenye distributa. Platini zilizoungua, kondensa dhaifu, nyaya za plagi zilizopasuka na kifuniko chenye ufa huifanya injini imisi, na kila silinda inapomisi petroli yake hutoka bure. Pengo la plagi katika injini nyingi za Toyota za zama hizo ni milimita 0.8, lakini kitabu cha injini husika ndicho cha kufuata. Kipimo ni filageji, si kucha wala kipande cha wembe.

Muda wa moto nao upimwe kwa taa maalumu. Moto ukichelewa, petroli huendelea kuungua ikiwa inatoka kwa ekzosi, na nguvu hupotea kama joto. Ukiwahi kupita kiasi, injini hugonga na pistoni hupata hatari.

Kuna kifaa kimoja ambacho husahaulika: kile kisahani cha bati pembeni mwa distributa chenye mpira mwembamba unaokwenda kwenye kabureta. Kazi yake ni kuwahisha moto gari linapokwenda kwa mguu mwepesi, yaani wakati hasa wa kubana mafuta. Utando wake wa ndani huchanika kwa uzee, na dereva hajui kwa sababu gari linaendelea kutembea. Kuupima, chomoa mpira upande wa kabureta, uvute kwa mdomo injini ikiwa imezimwa na kifuniko cha distributa kimefunguliwa. Sahani ya ndani ikisogea na kushikilia, ni mzima. Ukivuta hewa tu, umekufa. Kuziba mpira huo kwa skrubu, kama ilivyozoeleka, hakuuponyi.

Valvu zisisahaulike. Kwa injini ya 22R ya Hilux, kwa mfano, nafasi injini ikiwa ya moto ni milimita 0.20 kwa valvu ya kuingiza na 0.30 kwa ya kutoa. Valvu iliyobanwa sana haifungi vizuri, hupunguza kompresha na mwishowe huungua.

Ndani ya kabureta

Hapo sasa ndipo kabureta ifunguliwe, injini ikiwa baridi, mahali penye hewa, mbali na sigara na jiko. Mambo matano yaangaliwe.

Choki ndiyo ya kwanza. Ikivutwa asubuhi na isirudi yote, gari litatembea siku nzima likinywa kama linalowashwa alfajiri. Fungua filta, hakikisha kipepeo cha juu kimesimama wima injini ikipata moto.

Ya pili ni floti na sindano yake. Sindano iliyolika haizuii mafuta, kina hupanda, na petroli hufurika. Dalili zake ni harufu kali gari likisimama, ugumu wa kuwasha injini ikiwa ya moto, na oili inayonukia petroli. Floti ya shaba iliyotoboka huzama na kuleta shida ileile. Tikisa: ukisikia maji ndani, imekwisha.

Ya tatu ni jeti. Zisafishwe kwa dawa na upepo, kamwe si kwa waya. Waya hupanua kitundu, na kitundu kikishapanuka hakirudi.

Ya nne ni hewa inayoingia kwa wizi kupitia gasketi chini ya kabureta, manifoldi au mipira iliyopasuka. Sailensa inayopanda na kushuka yenyewe ndiyo dalili.

Ya tano ni skrubu ya mchanganyiko. Huyu ndiye anayesingiziwa zaidi. Skrubu hiyo hutawala sailensa tu. Kuikaza ili "kubana mafuta" hakupunguzi chochote gari likiwa barabarani, bali hulifanya lizimike kwenye matuta. Irekebishwe injini ikiwa ya moto: ilegezwe hadi mzunguko ufike juu kabisa, kisha ikazwe kidogo mpaka uanze tu kushuka.

Mnunuzi wa pikapu kutoka Mbeya au Iringa awe mwangalifu zaidi. Kule juu, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,500, hewa ni nyepesi na fundi huweza kuweka jeti ndogo ili injini isizidiwe na mafuta. Gari hilo likishuka Kibiti, karibu na usawa wa bahari, hewa ni nzito na jeti ileile huleta uhaba. Injini itachemka na valvu zitaungua. Jeti zirudishwe za kiwandani.

Njia za mkato

Ndiyo maana ushauri wa kuweka jeti ndogo ili kubana mafuta ni wa hatari. Dereva hupata unafuu wa siku chache, kisha hulipia kichwa cha injini. Sumaku za kufungwa kwenye bomba la mafuta na vidonge vya kutupia kwenye tenki navyo havina ushahidi wa kuaminika. Fedha hiyo inatosha kununua plagi mpya.

Njia nyingine ya mkato ni petroli ya bei chee. Uchakachuaji wa kuchanganya mafuta ya taa ulienea kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa ndani ya injini ya petroli huleta kugonga, masizi na plagi chafu. Petroli ya madumu na chupa inayouzwa vijijini, hata ikiwa safi ilipotoka, huweza kubeba maji na mchanga. Anayelazimika kuitumia aichuje kwa kitambaa safi na kuweka filta ya mafuta kabla ya kabureta.

Wenye boti nao wahesabu. Mashine nyingi za boti zinazotumika pwani ni za kabureta vilevile, na kanuni za plagi, jeti na mafuta safi ni zilezile. Lita inayookolewa kati ya Mbwera na Nyamisati ina thamani sawa na inayookolewa kati ya Bungu na Mbagala.

Mguu wa dereva

Kabureta nyingi za pikapu hizi zina midomo miwili. Wa kwanza hufanya kazi kila wakati, wa pili hufunguka dereva anapokandamiza sana. Aidha, ndani yake kuna pampu ndogo inayorusha petroli mbichi kila kanyagio linaposhuka. Kupiga resi ukisubiri abiria, au kukanyaga mara tano kabla ya kuwasha, ni kumwaga mafuta.

Mwendo nao una hesabu yake. Nguvu ya upepo unaopinga gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, upinzani huo huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa barabara ya Kibiti–Dar es Salaam yenye vijiji na matuta, anayekimbia 100 hufunga breki kila baada ya muda mfupi na kuanza upya. Anayeshikilia 70 au 80, gia ya juu, huachwa kwa dakika chache tu. Kuteremka mlima gia ikiwa huru si akiba, ni kuhatarisha maisha kwa gari lenye breki za zamani.

Kule Nyamisati, boti hufuata maji, si saa. Dereva asiyeamini betri au stata yake huacha injini ikiunguruma akisubiri. Injini ya kabureta ya kiasi hicho huweza kutumia karibu lita moja kwa saa ikiwa imesimama. Saa mbili kila safari, kwa safari 100, ni lita 200. Kwa bei ya mfano ileile ni shilingi 600,000, fedha ya kutengeneza stata na kununua betri.

Mzigo wa kurudi

Pamoja na yote hayo, hakuna kabureta inayoweza kushinda safari tupu. Pikapu ya mfano, ikitumia lita 40 kupeleka kilo 1,000 Dar es Salaam na kurudi bila kitu, kila kilo imebeba shilingi 120 za petroli. Ikienda na kilo 500, hata kama matumizi yatashuka hadi lita 36, kila kilo itabeba shilingi 216. Lakini ikipeleka kilo 1,000 za nazi na samaki na kurudi na kilo 800 za sukari, sabuni na unga kwa maduka ya Bungu na Kibiti, gharama itashuka chini ya shilingi 75 kwa kilo hata mafuta yakifika lita 44.

Wachuuzi wawili wanaokubaliana kujaza gari moja badala ya kutoka na magari mawili nusu, wanaokoa kuliko fundi bora wa wilaya. Hii haina maana ya kujaza lumbesa: uzito unaozidi uwezo hula springi, matairi, klachi na mafuta kwa pamoja.

Mpaka lini?

Kuna siku ukarabati haulipi tena. Kipimo ni kompresha. Kwa injini ya 22R, nzima huonyesha karibu kilo 12 kwa sentimita ya mraba, ikishuka chini ya 10 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1. Injini iliyo chini ya hapo inahitaji kufunguliwa, na mwenye gari alinganishe gharama hiyo na akiba iliyo kwenye daftari lake.

Wengine hutazama gesi asilia. Mabomba ya gesi kutoka Songo Songo, lililoanza kazi mwaka 2004, na kutoka Mtwara, lililokamilika mwaka 2015, hupita ukanda huu kwenda Dar es Salaam, na injini ya kabureta inaweza kufungwa mfumo wa gesi. Lakini vituo vingi vya kujazia viko Dar es Salaam, na mtungi huchukua sehemu ya bodi inayobeba mzigo. Kwa mtu wa Nyamisati, petroli bado ndiyo tegemeo.

Basi hatua ya kwanza si gereji. Ni daftari la shilingi mia chache na kalamu, juu ya dashibodi. Safari tatu zikishaandikwa, mwenye pikapu atajua anapoteza kiasi gani, na fundi akimaliza kazi atajua kama kweli amelipwa kwa haki. Penye daftari, pikapu kuukuu huweza kuendelea kuleta faida kwa miaka. Pasipo daftari, hata pikapu mpya itakula mtaji wa mwenyewe taratibu, lita kwa lita, kati ya mikoko na mnada wa Feri.